Mtu Aliyekalia Mguu wa Bembea

Kila alasiri, akishafunga karakana yake ya kuchomelea, Cheche aliingia uani, akavua viatu na kukaa juu ya mguu wa fremu ya bembea kama mfuko wa saruji uliosahauliwa na mafundi. Mgeni angedhani anapumzika, kumbe yuko kazini. Juu yake, kwenye turubai lililoning'inizwa ncha mbili, alilala binti yake Kadogo, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyemzidi baba yake kimo na unene. Cheche akiinuka, upande ule wa fremu nao ulinyanyuka, bembea ikaenda kombo, na Kadogo akaamka akipiga mayowe. Kwa hiyo hakuinuka. Chai alinywea pale, wateja aliwapokea pale, na jirani akimtania kwamba ameota mizizi, alijibu, "Mimi nanga, bwana. Umeona wapi nanga inazurura?"

Nilikuwa nimepanga chumba cha mbele katika nyumba hiyo, na dirisha langu moja lilitazama uani. Bembea za kulalia nimezikuta katika nchi nyingi. Wapo wanaoziita wavu, wapo wanaoziita mkeka wa kuning'inia, na karibu kila mahali ni kitu cha starehe, cha mtu mwenye kitabu na kinywaji baridi. Hii ilikuwa ya kwanza kuiona ikiwa dawa.

Kadogo alizaliwa na mwili usiomtii. Akilazwa kitandani, mikono na miguu ilikakamaa, akalia kama anayeunguzwa. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba akifungwa kwenye shuka na kubembezwa hewani, mwili unalegea, analala. Mama huyo alifariki Kadogo angali mdogo. Cheche akapigilia pete mbili za chuma kwenye kuta za chumba, akamning'iniza humo. Mtoto akakua. Siku moja pete ikang'oka na nusu ya tofali, ikabidi wahamie nje, chini ya kibanda cha mabati.

Nje ndiko yalikokuwa matatizo. Mtaa mzima ulijengwa juu ya bwawa la zamani, lililojazwa vumbi la mbao kisha likatandazwa udongo kidogo juu, wa kuficha aibu. Wakati wa jua, ardhi ile ilibonyea kama godoro. Mvua ikinyesha, uji. Fremu ya kwanza, ya mabomba mepesi, ilipinduka mvua za mwanzo tu. Cheche alikuwa karakana. Alimkuta binti yake chini, paji la uso limepasuka, macho wazi, ameshachoka hata kulia. Kovu lake liko mpaka leo.

Akatengeneza ya pili kwa chuma kizito zaidi. Ikazama. Ya tatu akaimwagia zege kila mguu. Ikazama upesi kuliko ya pili, tena upande mmoja. Alikuwa fundi chuma, na fundi chuma akiona kitu kinayumba, huongeza chuma. Alipoishiwa cha kuongeza, akajiongeza mwenyewe: akakaa kwenye mguu ule uliokuwa ukinyanyuka. Na hapo ndipo nilipomkuta.

Wa kwanza kuona mabadiliko ni dada mkubwa wa Cheche. Sote tulimwita Shangazi. Alihamia pale baada ya msiba wa wifi yake, na hakuwa mtu wa kumpaka yeyote mafuta kwa mgongo wa chupa.

"We Cheche, kaa vizuri!"

"Si nimekaa?"

"Umekaa wapi? Mguu unapanda huo."

"Ardhi imelowa."

"Imeloweshwa na nani? Wiki nzima hakujanyesha. Hebu simama nikuone." Akamshushia macho toka kichwani hadi miguuni. "Suruali umeanza kuifunga kwa kamba tangu lini?"

"Mkanda umekatika."

"Mkanda umekatika, au ni tumbo lililokatika?"

Kesho yake Cheche alikaa akiwa amepakata matofali. Mguu ukatulia siku chache, kisha ukaanza tena. Akadai chuma kimechoka. Akamsingizia Kadogo: "Huyu ndiye anayenenepa. Mnamlisha kama ng'ombe wa maonyesho." Kadogo, akisikia sauti ya baba yake inapanda kupitia kwenye chuma, alicheka.

Shangazi alimkokota hospitali. Nilijua majibu nilipowaona wakirudi, kwa sababu Shangazi alitangulia na hakuwa akisema kitu. Uvimbe tumboni, umeshasambaa. Daktari hakutaja muda. Alimwambia tu aende nyumbani akae na watu wake.

Cheche akaenda kukaa pale pale, kwenye mguu.

"Nikiondoka, nani atakaa hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe, Dada? Na hizo kilo zako za kuku?"

"Na wewe sasa hivi kilo zako za nini? Za kifaranga!"

Wakacheka wote wawili. Kisha Cheche akaushika mguu wa fremu kwa mikono miwili. Sikuwahi kumsikia akiongelea kufa. Aliongelea kuanguka. "Safari hii akianguka," alisema, "hakuna wa kumwokota."

Jibu lilikuja Jumapili moja, Shangazi akielekea harusini, amevaa viatu vya kisigino kirefu. Alitoka sebuleni kwa madaha, akafika uani, akazama.

"Ona sasa! Uwanja gani huu unakula watu?" Akavivua, akavaa ndala, akavuka pale pale hadi getini.

"Dada, rudi."

"Nimechelewa."

"Rudi. Vaa tena vile vya kisigino, upite."

"Ugonjwa umekupanda kichwani?"

"Nakuomba."

Akarudi akinung'unika, akavivaa, akazama. Cheche alitazama lile tundu dogo la kisigino, kisha alama pana ya ndala iliyokaribia kutoonekana. "Miaka yote hii," akasema polepole, "nimeivalisha fremu kisigino, halafu nikaipandia juu."

Karakana kulikuwa na geti alilolitengeneza likazidi upana wa njia ya mteja, likabaki limeegemezwa ukutani likipata kutu. Aliamuru tulilete. Mimi na Shangazi tukachimba shimo la ukubwa wa geti, tukatoa vumbi la mbao lililooza hadi tukachafuka kama panya. Tukajaza matofali yaliyovunjika, tukayashindilia kwa gogo, tena na tena, kila tabaka kivyake. Juu yake tukalilaza geti. Cheche akachomelea miguu ya fremu, iliyokatwa juu ya zege, kwenye pembe zake, ameitanua, amekaa kwenye kigoda kwa sababu hakuweza kusimama. Mara mbili aliweka mashine chini akaenda kutapika nyuma ya kibanda. Mwisho tukafukia kwa kokoto, na fremu ikabaki imesimama juu ya geti ambalo hakuna atakayelifungua.

Akaisukuma kwa bega. Shangazi akaning'inia. Nami nikaning'inia. Haikutikisika.

Siku ya kwanza tulimweka Kadogo kwenye bembea, baba yake akasimama pembeni. Fremu imetulia tuli. Kadogo akageuza kichwa, akatazama chini kwenye mguu, palipokuwa patupu.

"Ba," akasema. Hilo ndilo neno lake moja tu.

"Niko hapa, mama."

"Ba!" Akaanza kulia. Cheche akavumilia kidogo, kisha akaenda kukaa mahali pake, na kabla hajanyoosha miguu Kadogo alikuwa amesinzia. Akainuka taratibu. Chuma hakikusogea hata unywele, lakini Kadogo akafumbua macho. Muda wote ule hakuwa akilalia turubai tu. Alilalia kikohozi cha baba yake, kicheko chake, kujikuna kwake, vyote vikimpandia kupitia kwenye chuma.

Cheche akamtazama usoni. "Haya," akasema. "Kumbe kazi haijaisha."

Akaanza kujiondoa. Siku za kwanza alikaa kigodani karibu na mguu, bila kuugusa. Kisha akakisogeza kigoda mlangoni. Kisha ndani. Shangazi alijaribu kukaa badala yake, Kadogo akalia hadi sauti ikakauka. Majirani wakaja kuuliza kama mtoto anapigwa.

"Nenda kamkalie!" Shangazi alimfokea kaka yake. "Una roho gani wewe?"

"Nikienda leo, kesho nani ataenda?"

"Kesho ni kesho!"

"Kesho yangu imeshafika, Dada. Mwache azoee."

Kufikia hapo hata kwenda chooni alikwenda kwa kushika ukuta. Alilala chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa dirishani, na dirisha alikataa lisifungwe. Kila alasiri Kadogo aliita, naye akasikiliza, ameuma upande wa shuka. Niliwahi kupita na bakuli la uji, akanipungia mkono nisiingie.

Kisha alasiri moja, baada ya chakula, kilio hakikuja. Shangazi alikuwa jikoni, mimi nilikuwa kibarazani. Kadogo alitazama mabati, akavuta pumzi ndefu, bembea ikaenda na kurudi kidogo, macho yakafumba. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Shangazi akaja akinyata, akaziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni, akakimbilia chumba cha nyuma. Nikamfuata.

"Amelala! Peke yake, Cheche! Hakuna mtu pale!"

Cheche alikuwa ameshajua. Ukimya ulikuwa umemfikia kabla yetu. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akatazama dari. Tulikuwa tunageuka kutoka alipouliza, kwa sauti ndogo kama anayeomba maji, "Hata kidogo hajaniita?"

Shangazi alisimama. Katika muda wote niliokaa pale sikuwahi kumsikia akilainisha neno kwa ajili ya mtu.

"Alikuita," akasema. "Mara moja. Kabla tu hajasinzia."

Cheche akafumba macho, uso ukalegea. Shangazi akanigeukia, akanitazama kwa ukali, nami nikaitikia kwa kichwa.