Redio ya Chekechea

Mwalimu wa chekechea yetu ya Mwananyamala alikuwa na mikono mikubwa, lakini redio aliishika kama anayebeba mayai. Kila asubuhi alianika betri juani zipate nguvu, huku akifuta vumbi kwenye spika kwa upindo wa khanga. Kipindi cha watoto kilipoanza, sauti yake ya ukali ilishuka. “Sikilizeni vizuri, mwakani mnaingia darasa la kwanza.” Naye aliitikia namba zilizotajwa redioni pamoja na watoto, na aliyekosea alimgusa begani tu.

Siku moja katibu wa tawi la chama akaja kuichukua redio. “Wazee ofisini wanataka taarifa ya habari, mama. Hawa waimbe tu.” Mwalimu akasema, “Sawa, ndugu katibu,” akaendelea kufuta meza iliyobaki tupu. Mauwa, mdogo kuliko wote, akawa anamuuliza kila siku, “Mwalimu, redio yetu inarudi lini?”

Mimi, jirani wa chekechea, nilikuwepo asubuhi Mwalimu alipowapitisha watoto mbele ya nyumba ya katibu. Redio yetu ilikuwa dirishani ikitoa kipindi chao, na mtoto wa katibu akiitikia namba peke yake. Mwalimu akasimama. “Kaeni hapa,” akawaambia. Wakakaa vumbini chini ya dirisha, wakaanza kuitikia kwa sauti zao zote. Mke wa katibu akachungulia. “Nyie, mbona mnatupigia kelele?”

“Tunasoma, dada.”

Dirisha likafungwa. Watoto wakasubiri namba inayofuata. Mwalimu alibaki akitazama mbao za dirisha, na hakuna aliyehesabu.