Kitambi cha Bonge

Kile kitambi, jamani, Bonge alikipenda kama mtoto wa kwanza. Alikitanguliza mlangoni, na mteja akikitania yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Na alikuwa na haki! Miaka ya nyuma, kabla hajaanza dawa za virusi vya UKIMWI, dobi huyu alibaki ngozi na mifupa, na wateja walikuja kuchukua nguo zao kimyakimya, hata zisizopigwa pasi. Mama yake ndiye aliyemnywesha uji wenye sukari tele, kijiko baada ya kijiko, mpaka dawa zikashika kasi, akasimama. Mwili uliporudi, wateja nao wakarudi, na jina la Bonge likaja lenyewe. Hali yake mtaa mzima uliijua, hakuificha.

Sasa nesi wa kliniki anamwambia kitambi kipungue.

"Virusi umevilaza, kaka, hongera sana. Dawa usiache hata siku moja. Lakini sukari kwenye damu imeanza kupanda. Nyinyi mlioishi na virusi muda mrefu, kisukari kinawanyemelea kuliko wengine, na baadhi ya dawa nazo huchangia." Akakinyooshea kidole kitambi. "Halafu na huyu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Bonge alicheka, ila njiani kurudi hofu ikamwingia. Akikonda, si watasema ule ugonjwa umemrudia? Wateja watamkimbia tena. Na mama je?

Hata hivyo soda alizozizoea akaziacha, woga akiwa nao vile vile. Nguo za wateja akawa anazipeleka kwa miguu, mtaa kwa mtaa. Vita vyenyewe vilikuwa nyumbani. Mama alimwekea chai yenye sukari ya kutosha ukoo mzima, yeye akairudisha.

"Mwanangu, mkono huu huu ndio uliokuinua. Leo unaukataa?"

"Siukatai, mama. Naikataa sukari. Twende wote kliniki ukamsikie nesi mwenyewe."

Wakaenda. Mama aliuliza maswali mpaka nesi akasalimu amri.

Miezi ikapita, kitambi kikayeyuka, kipimo cha sukari kikashuka, na maneno ya watu yakapanda. Asubuhi moja mama ameketi kibandani kwa mwanawe, anakunja mashuka, mteja mmoja akamwinamia.

"Pole, mama. Naona Bonge ndiyo basi tena. Amekwisha."

Mama akaweka shuka chini.

"Amekwisha nini, wewe? Mtu aliyekwisha mimi namjua! Nilimbeba mgongoni kumpeleka chooni, huyu huyu, na ndevu zake! Virusi anavyo, na dawa anameza kila siku. Kisukari kimekuja kupiga hodi, amekifungia mlango. Nimezaa mwanamume mimi! Hiyo pole yako kawape wafiwa."

Bonge, pale kwenye meza ya pasi, hakugeuka. Alikuwa anajifuta machozi kwa shati la mtu, tena lililokwisha kunyooshwa.