Waya wa Tatu

Sikulazimishi uniamini. Mimi mwenyewe nisingemwamini mtu wa kunisimulia habari kama hii. Nimesoma uhandisi wa mitambo chuo kikuu, na kila kitu nakiuliza kwa nini. Lakini haya yalinikuta mimi, mchana kweupe, kwenye kilima cha kuingilia Chwaka, na walioshuhudia mwisho wake wapo hai.

Mama Mdogo, aliyenilea, alikuwa kwake Chwaka, kifua kimembana kwa pumu. Zahanati walisema apelekwe hospitali ya mjini siku ile ile. Jirani yake alikuwa tayari kumpeleka kwa gari yake. Nikamwambia kwa simu asijisumbue, nnakuja na pikapu yangu kutoka Mpendae.

Pikapu ilikuwa na wiki nzima inapiga misi. Ikipanda mlima inatetemeka na kukosa nguvu. Nilishajua kwa nini: chujio la mafuta limeziba. Jipya nilikuwa nalo kitini. Kilimani ikaanza tena, nikasimama, nikafungua boneti bila kuzima injini. Nilipoinua kichwa, mzee mwenye ovaroli alikuwa ubavuni mwangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usizime."

Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza. Kisha akachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, kwa mkono mtupu. Unajua nyaya zile zinavyorusha? Wa kwanza, injini ikayumba. Akaurudisha. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, haikubadilika hata kidogo.

"Ndio huu. Umepasuka, moto unavujia njiani." Akanipa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. "Ufunge na huu."

"Mbona wewe haukurushi?"

"Nilisharushwa mara moja, mwanangu. Ilitosha."

Nilicheka. Nikamweleza habari ya chujio, kwa maneno ya darasani.

"Haya, msomi. Lakini usimpakie mgonjwa hujafunga."

Nilimwambia nina mgonjwa? Sikumwambia. Nikajijibu kuwa kijijini hakuna siri. Nikazima injini, nikainama kubadilisha chujio. Nilipoinuka, hayupo. Mpira nikautupa kichakani.

Gari ikateremka mpaka kijijini vizuri kabisa. Nikajiona bingwa. Tulipompakia Mama Mdogo, jirani akauliza, "Itafika hiyo?"

"Nshaitengeneza," nikamjibu.

Tulipoanza kupanda kile kilima, mvua ikashuka, na misi ikarudi.

"Mhandisi mzima," Mama Mdogo alisema kwa pumzi za kuokoteza, "gari yako inakohoa kunishinda!"

Nikasimama, nikafungua boneti. Cheche za buluu zilikuwa zinaruka kutoka waya wa tatu kwenda kwenye chuma. Kisha injini ikazima, ikakataa kuwaka. Nikampigia simu jirani, nikaingia kichakani kutafuta mpira. Mama Mdogo aliniita mara mbili. Mara zote mbili nilijibu, "Naam, nnakuja." Mara ya tatu hakuita.

Jirani alifika akakuta nimemshika mkono.

Baada ya maziko nilimweleza jirani habari ya yule mzee. Akaniuliza kama alikuwa na bisibisi ndefu, kisha akanambia anamjua. Fundi huyo alikuwa na gereji pale kilimani. Alikufa kwa kurushwa na umeme akichomelea gari ya watu, mimi sijazaliwa. Nikakataa. Mafundi wenye ovaroli wako wangapi Unguja hii?

Nikarudi kuichukua pikapu. Nilipofungua boneti, waya wa tatu ulikuwa umefungwa mpira, fundo limekazwa. Nikawasha. Silinda zote nne zikaunguruma sawasawa.

Nani alifunga? Mpira mimi sikuupata. Jirani anaapa hakugusa. Na kama yule aliweza kuufunga, kwa nini angoje mpaka hakuna tena wa kupelekwa? Kwa hilo namchukia, kama yupo. Kama hayupo, najichukia mwenyewe. Gari haijapiga misi tangu siku ile, na kila nikisikia ilivyo tulivu natamani kuichoma moto.

Ukikwama kwenye kilima kile, akaja mzee na bisibisi, usimuulize yeye ni nani, wala usimfundishe kazi. Muulize waya upi, ufunge, uende.