Nilivyompima Mercy na Sweta Zake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na msumeno, randa na kiburi. Nilikuwa seremala wa Dagoretti, nimeshatengeneza vitanda vya maharusi na mabenchi ya kanisa, nikasikia kituo cha watoto wenye ulemavu kinatafuta fundi wa viti. Msimamizi wetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye sote tulimwita Madam, aliutazama msumeno wangu, kisha akanionyesha gunia la magazeti makuukuu, rundo la katoni na sufuria ya uji wa unga wa ngano. Akaniambia nianze kukoroga. Nilidhani nimeandikwa kazi ya jikoni.

Ninyi vijana mnaoanza leo mnaletewa viti vya plastiki vimefungwa kwenye maboksi, kwa hiyo wacha nieleze. Viti vyetu vilikuwa vya karatasi. Unapaka katoni ule uji, unabandika nyingine juu yake, tabaka kwa tabaka, unakandamiza kwa mawe, unaanika hadi iwe ngumu kama ubao. Baridi ya Julai ikija, kiti kimoja kilichukua wiki tatu kukauka, na panya walikipenda kuliko sisi. Kikiwa tayari, Madam alipanda juu yake na viatu vyake, naye hakuwa mtu mwembamba. Kikilia tu, nilianza upya.

Kiti hicho hakikuwa cha starehe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia akiwa mchanga hata misuli ikakosa utiifu, akikalishwa vizuri anaweza kuinua kichwa, kumeza bila kukabwa, na kutumia mikono. Akilazwa chali mchana kutwa, anajua dari tu. Kwa hiyo kila kitu ni kipimo: upana wa nyonga, nyonga hadi goti, goti hadi kisigino. Madam alikuwa akisema, "Pima mtoto, usipime nguo." Nilimheshimu sana yule mama, lakini sheria yake hiyo niliivunja mara moja.

Mama Mercy alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, anaishi Kangemi na kufua nguo katika nyumba za matajiri wa Lavington. Bintiye Mercy alikuwa na miaka saba na hajawahi kukaa bila kushikwa. Mama akienda kibarua alimlaza kitandani, akamwegemeza mito, akafunga mlango kwa kufuli, halafu akarudi mbio saa sita kumgeuza. Msifanye haraka kumlaumu. Hakuna jirani aliyekubali kubaki na Mercy, na huko Lavington hawakutaka kumwona akija naye. Sasa, shule moja ya msingi karibu na Mountain View ilikuwa na darasa la watoto kama yeye, na nafasi ilikuwa imebaki moja. Mwalimu wa tathmini, yule anayeamua mtoto apelekwe wapi, alisema Mercy ataipata akiweza kukaa kitini na kuinua kichwa.

Alipoletwa kupimwa alikuwa amevishwa sweta tatu, suruali mbili na kofia ya sufu. Mnawajua mama zetu na baridi. Nilitaka kumwomba mama amvue, nikaona haya. Alikuwa amempamba mtoto wake vizuri, sweta ya juu ina vifungo vinavyong'aa, na mimi nimwambie avue mbele ya watu? Nikapima juu ya nguo, nikapunguza upana wa vidole viwili kwa kukisia, nikaandika. Kiti kilipokauka, Mama Mercy alikuja kukichukua. Alishukuru, hakulalamika.

Siku ya tathmini tulikutana mjini. Ofisi ilikuwa orofa ya tatu, lifti imekufa, mimi nimempokea mama kiti nikakiweka kichwani, naye ana Mercy mgongoni. Jua lilikuwa limerudi, mtoto amevaa gauni moja jepesi. Tulipomkalisha, alizama. Akalalia upande kama gunia lililojaa nusu, kidevu kikagusa kifua. Mwalimu alimwita jina, akangoja, akamwita tena. Mercy alijaribu, nilimwona akijaribu. Mwalimu akaandika kwa upole kwamba mtoto hawezi kukaa, na Mama Mercy akasema asante. Asante ile inaniuma hata leo.

Madam hakunigombeza nilipomweleza. "Umemkosea mtoto, si mimi," alisema. "Nenda umwambie mamake, halafu umwambie na mwalimu."

Jumamosi nikaenda Kangemi. Mama Mercy alikuwa anakamua shuka mlangoni.

"Mama Mercy, mtoto hana makosa," nikamwambia. "Mimi nilipima sweta."

Alikamua shuka ile mpaka haikuwa na tone tena. "Fundi, mimi nilijua hiyo kiti ni kubwa. Kutoka siku ya kwanza. Nilikuwa najaza matambara huku na huku, na siku ya mwalimu nikaona haya kuyabeba."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungemtoa nguo uone vile amekonda. Watu wa hii ploti wanasema simpatii chakula. Na mimi humlisha, Fundi. Sahani moja, saa nzima, na nusu inarudi."

Kumbe sote wawili tulikuwa tumenyamaza kwa adabu, na aliyelipa ni Mercy. Mama akaingia ndani, akamvua mtoto gauni mwenyewe. "Haya," akasema. "Pima."

Nilipima. Mbavu zote zilihesabika. Nilimwambia mtoto akilishwa amelala chakula hakishuki, kwamba hilo si kosa la mama yeyote, na nilimpenda yule mama kama dada yangu wa tumbo moja.

Kisha nikapanda zile ngazi za mjini peke yangu, nikamwambia mwalimu kwamba aliyeanguka mtihani ni seremala. Alicheka, akakubali kuishikilia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Kiti cha pili nilikigeuza juani kama chapati. Mercy alipokalishwa na kuitwa jina, kichwa kilipanda polepole, kikayumba, kikasimama. Akamtazama mwalimu, halafu akazungusha macho hadi akampata mamake.

Sasa nimestaafu, magoti hayakubali tena kupiga chini kupima watoto. Vijana hunijia kuuliza siri ya kiti kizuri. Huwaambia wamuulize mama lile swali wanaloona haya kuuliza, na wakiona uvivu huwasimulia asubuhi ile ya kwanza ya shule, nilipowasindikiza. Mwalimu wa darasa alimpokea Mercy, akamfunga mkanda kitini, akamwambia mama anaweza kwenda kazini. Tukafika langoni. Mama Mercy aliikunja leso ya kumbebea, akaikunjua, akaikunja tena.

"Fundi," akaniuliza, "sasa mtu hutembea aje na mgongo mwepesi hivi?"

Nilitembea naye polepole, mpaka akazoea.