Makofi ya Honorine

Honorine Kabedi hakuwahi kumwambia mtu mkubwa neno lolote kabla ya kupiga makofi. Mawili ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili mlio uwe mzito, kisha moja la kufunga. Hivyo ndivyo nyanya yake alivyomlea huko Lubudi, na hivyo ndivyo alivyomsalimu padri, daktari, hata mlinzi wa lango aliyemzidi umri. Wenzake wa chumba cha kufulia walimcheka bila ubaya.

"Mama Honorine, shefu iko mu simu, hakuone. Unapigia nani makofi?" aliuliza Princesse, mdogo wao wote.

"Napigia masikio yake."

Walifua nguo za kazi za kampuni moja iliyosaga mawe karibu na machimbo ya Mashamba. René, mume wa Honorine, alikuwa amefanya kazi kwenye mashine hiyo ya kusaga hadi mapafu yake yalipokataa, ndipo kampuni ikamwachisha. Kilichobaki ni haki ya mkewe: mfanyakazi aliruhusiwa kumleta mwenzi wake katika zahanati ya kampuni. Kila kifua kilipombana, René aliketi pale akavutishwa hewa ya chupa mpaka midomo yake irudiwe na rangi. Nyumbani kwao Kasulo, mtaa wa Kolwezi, jambo hilo halikuzungumzwa. Wote wawili walijua kwamba kazi ya Honorine ndiyo pumzi ya René.

Mwaka mmoja, mkuu wa depo ya vifaa, Zéphirin Kazadi, alianza kuleta magunia ya vichujio, vile vitambaa vizito vinavyowekwa ndani ya barakoa za vumbi. Vilikuwa vimetumika, vyeusi. Alitaka vifuliwe na kuanikwa kivulini visipauke. Baadaye vilionekana vikirudi kwa wasagaji ndani ya pakiti mpya, na kampuni ikimlipa mfanyabiashara aliyeviuza kana kwamba ni vipya. Kichujio kikishafuliwa hakizuii chochote. Mtu huvaa kitambaa tu na kujiona amekingwa.

Honorine alipiga makofi yake, akamuuliza.

"Mama," alisema Kazadi, "we uko mufuaji ao uko enjenieri?"

"Mufuaji, tata," alijibu Honorine, akimwita baba kama ilivyo heshima.

"Basi fula."

Alifua. Lakini vijana wa mashine walipita mlangoni pake kila jioni, puani mwao mna ukungu wa kijivu ambao barakoa ilipaswa kuuzuia, na katika kikohozi chao alitambua kile cha René cha mwaka wa kwanza, kikavu, cha mtu anayedhani amepata mafua. Alimweleza mumewe.

"Ukisema, banakufukuza," alijibu René. "Bakikufukuza, mi nakufa."

"Na bale batoto?"

"Bale batoto haiko bamume yako."

Kesho yake Honorine alirudi kwenye magunia. Kisha akaja Madame Tatiana kutoka Lubumbashi, ametumwa na makao makuu kuwafundisha wafanyakazi jinsi ya kuzuia wizi ndani ya kampuni. Alitoa namba ya simu. Mtu angepiga, angesema alichokiona, sauti ingehifadhiwa.

"Hatuulize jina," alisema. "Na mashine inabadilisha sauti. Hata mama mwenye kukuzala hatakujua."

Honorine alimsadiki. Aliazima simu ya jirani, akaingia jikoni kwake, akafunga mlango. Sauti ya mwanamume mzee ilimkaribisha: karibu, tunakusikiliza. Ilikuwa sauti ya mtu mkubwa. Aliilaza simu mapajani, na mikono yake ikafanya ilichokuwa ikifanya tangu utotoni. Ndipo akaeleza habari za vichujio, kwa utaratibu, bila kuongeza wala kupunguza.

Uchunguzi ulifanyika. Mfanyabiashara aliyekuwa akiuza vichujio alibadilishwa. Kazadi alipewa onyo, akabaki na depo yake. Baada ya majuma kadhaa Madame Tatiana alirudi, akawakusanya wote ndani ya kantini. Alitaka waone kwamba njia ile inafanya kazi. Akawasikilizisha simu yenyewe iliyorekodiwa.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbuzi ndani ya pipa. Hakuna ambaye angeweza kusema ni ya mwanamke au ya mwanamume. Lakini kabla ya sauti yalitangulia makofi. Mawili ya polepole, kisha moja. Mashine ilikuwa imefundishwa kubadilisha koo za watu. Habari za mikono haikuambiwa.

Princesse akacheka nyuma, jinsi mtu anavyocheka akikutana na ndugu yake sokoni.

"Eh, mama Honorine."

Kantini nzima ikacheka. Madame Tatiana akatabasamu pia, akidhani wamefurahi. Kazadi, aliyeketi mbele, hakugeuka. Alichofanya ni kuinua viganja vyake magotini na kuvitazama.

Tangu siku hiyo Honorine hakupita mahali bila kupigiwa makofi. Madereva walipiga kwenye milango ya magari. Wasagaji wenyewe, wale vijana wa kikohozi, walipiga kwa kofia zao za chuma na kucheka hadi wakakohoa. Mwisho wa mwezi aliambiwa kwamba kontra yake ya kazi imeisha na kwamba watu wanapunguzwa. Aliyepunguzwa alikuwa yeye peke yake.

Alimpigia simu Madame Tatiana.

"Sheria inamulinda mwenye aliita ku simu, mama, ni kweli. Lakini hatujue nani aliita."

"Ni mi, madame."

"Ni vile kila mwenye kufukuzwa atasema."

"Bote banajua."

"Banajua, mama. Lakini haiandikwe."

Zahanati nayo ilifuata utaratibu wake. Kifua cha René kilipobana tena, mlinzi wa lango, yule yule mzee aliyesalimiwa kila asubuhi, alisema hawezi kumpitisha mtu asiye wa kampuni. Honorine alimpigia makofi. Mzee aliangalia pembeni. René alikufa ameketi ukutani, nje ya lango, mdomo wazi, kana kwamba alikuwa ameanza kumwambia mkewe nilikuambia.

Shangazi wa Honorine, Adèle, alikuja kutoka Lubudi kuongoza matanga. Watu walikuwa wachache. Siku ya pili gari lilisimama nje, na Kazadi akaingia uani na dereva wake aliyebeba gunia la unga wa mahindi. Alivua kofia. Alichuchumaa mbele ya mjane, akakunja viganja kidogo, akapiga makofi. Mawili ya polepole, kisha moja la kufunga.

"Pole, mama," alisema, akimtazama machoni.

Shangazi Adèle, asiyemjua mgeni, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Angalia ule tata," aliwaambia wazee waliokuwa mkekani. "Hapa Kolwezi bantu banaingia ku kilio kama mbuzi. Ule balimulea muzuri." Kisha akamgeukia Honorine, ambaye mikono yake ilikuwa imefichwa ndani ya kitenge. "Mutoto, mukubwa amekusalimia. Unangoja nini? Mujibu."

Honorine akaitoa mikono, akajibu.