Maneno Yenye Kimsalaba

Nikisikia harufu ya salfa, ile poda ya njano tunayopulizia mikorosho, huondoka shambani hata leo. Si kwa vumbi lake. Kamusi ya Kiingereza ya baba ilinuka hivyo hivyo, kwa kuwa aliitunza ndani ya mfuko mtupu wa salfa, mchwa wasiifikie.

Kwetu ni Kiranjeranje. Baba aliishia darasa la saba, akawa mkulima, lakini kiu ya kusoma haikumtoka. Kamusi hiyo kuukuu, isiyo na jalada, aliiokoa kwa mwenye duka mmoja wa Kilwa aliyetaka kuichana afungie bizari. Kila alasiri, akishanawa poda, alinipa neno moja. Na baba yangu hakuokota neno ovyo, jamani! Alichagua yale tu yaliyotiwa alama ndogo ya msalaba pembeni.

“Mzungu msalaba anauheshimu, mwanangu,” aliniambia. “Hawezi kuuweka kwenye neno la hivi hivi.”

Ndivyo nilivyopata trow. Kamusi ilisema maana yake ni ile ile ya believe, kuamini. Baba akapambanua: believe ni la kila mtu, kama kanga ya kushindia, trow ni la kutokea. Nami nikalivaa. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wa Kiingereza alitaka kila mmoja wetu aandike sentensi kuhusu mzazi wake. Niliandika kwamba ninamwamini baba, kwa trow.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, akacheka hadi akashika meza. Darasa likafuata. Tangu siku hiyo jina langu likawa Trow, uwanjani, kisimani, hata madrasa.

Baba alikuja shuleni kunitetea, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, kamusi kaifunga kwenye kitambaa. Mwalimu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwamkia kwa adabu, “Shikamoo, mzee,” kisha akafungua kurasa za mwanzo na kumwonyesha mstari ambao hatukuwahi kuusoma. Kimsalaba kile kilikuwa alama ya neno lililokufa, ambalo Waingereza wenyewe wameacha kulitumia.

Baba alinigeukia. Alitaka neno moja tu la kumsitiri, nililiona usoni mwake. Wanafunzi walikuwa wamejazana dirishani.

“Mimi nilimwambia hajui,” nikasema. “Ananilazimisha tu.”

Uongo mtupu. Baba aliitikia kwa kichwa, akaifunga kamusi yake, akaaga. Hakunipa neno tena, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilidhani amenikasirikia, na hasira yake ikanipa nafasi ya kupumua.

Mwaka jana tulimzika. Nilipokuwa nikitoa vitu ghalani niliukuta mfuko wa salfa, kamusi ndani. Kila neno lenye kimsalaba lilikuwa limekatwa kwa kalamu na rula, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Sijui kazi ile ilimchukua misimu mingapi. Kwenye trow alikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Nilimpelekea mama. Hakushangaa.

“Aliyaanza yale mwaka ule ule,” alisema. “Alikuwa akiniambia, ‘Mwanangu akija kuniuliza neno, safari hii simtii aibu.’”

Nilikaa nyumba moja na baba miaka minane baada ya siku ile. Sikumuuliza hata neno moja.