Mgeni Aliyebaki Sugarloaf

Kanisani kwetu Riverdale Park, hapa Marekani, wote humwita Mama Wainaina, na wengi wetu hatujui jina lake jingine. Anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee College Park, anavaa viatu vya mlimani hata akienda kununua mboga, na kwa miaka kadhaa sasa ndiye anayetupeleka porini kila mwezi, kuwe na joto au theluji. Aprili tunafuata maua kando ya mto, Julai tunatafuta vivuli na maporomoko, Oktoba tunapanda kutazama majani yakiwa mekundu. Mara moja alitupeleka Pennsylvania kuteleza kwa ski. Alianguka asubuhi nzima, akazirudisha zile ski na kusema kwamba Mungu alimpa miguu ya kupanda, ya kuteleza aliwapa wengine.

Ana jambo moja ambalo wageni hulishangaa: hahesabu watu. Alilelewa Nyandarua na bibi aliyekataza mtu kuhesabu mbuzi wala watoto, kwa sababu kiumbe hai kikihesabiwa hupungua. Kwa hiyo tukiwa kileleni, kabla ya kushuka, yeye huita majina, kila mwanamke kwa jina la mtoto wake. Mama Awino? Nipo. Mama Jeptoo? Nipo. Mimi sina mtoto, kwa hiyo ananiita Dada ya Clement, kwa ajili ya kaka yangu. Tulishazoea, na hakuna aliyewahi kupotea.

Jumamosi moja ya Februari tulikwenda Mlima Sugarloaf kwa magari mawili. Mama Awino, anayeishi Columbia, alikuja na mgeni, binti wa Kitanzania kutoka Bukoba aliyepanga chumba kwake. Alikuwa hajamaliza hata mwezi Marekani, na alikuja kusomea uuguzi. Alituamkia shikamoo mmoja mmoja, hata mimi ninayelingana naye umri, wanawake wakacheka na kumpenda hapohapo. Gari la Mama Awino lilikuwa limejaa, basi mgeni akapanda la Mama Wainaina na kukaa nyuma pamoja nami.

Kileleni upepo ulikuwa unakata. Tulikunywa chai tukiwa tumesimama, vikombe vikipoa kabla ya kufika mdomoni. Mama Wainaina aliita majina, kila aliyeitwa akaitika, tukashuka polepole tukishika miti kwa sababu ngazi za mawe zilikuwa na barafu. Garini nilisema kwamba mgeni hayupo. Mama Wainaina akajibu kuwa bila shaka amebanana na wenzake katika gari la mwenyeji wake, kumbe Mama Awino naye aliamini kuwa binti anarudi na gari alilojia.

Njiani kurudi tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Mama Awino akaja dirishani kwetu na mfuko wa viazi vya kukaanga, akitaka kujua kama mgeni wake anakula pilipili.

"Si yuko kwako?" Mama Wainaina akauliza.

"Kwangu wapi? Alikuja na wewe."

Mama Awino akajaribu kupiga simu, akakumbuka kuwa simu ya yule binti hufanya kazi kwa intaneti ya nyumbani tu. Akapiga namba ya dharura. Walisema wanatuma waokoaji, nasi tuwangoje chini ya mlima. Wengine walibaki kituoni, sisi watatu tukageuza gari.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye matawi. Mama Wainaina aliendesha akiwa ameukaza usukani kwa mikono yote miwili.

"Miaka yote nakwambia, hesabu watu," alisema Mama Awino. "Hesabu tu, kama mwalimu wa nasari. Unasema ati watapungua. Haya, leo wameongezeka?"

Tulipofika, Mama Wainaina alifunga vyuma vya barafu chini ya viatu vyake na kuanza kupanda. Mama Awino alimkumbusha tulivyoambiwa, tungoje, lakini alikuwa ameshaingia mitini. Nilichukua tochi nikamfuata.

Sijawahi kumwona akipanda vile. Hakutazama nyuma, hakupumzika pale kwenye jiwe analopenda tupumzike. Rangi ya theluji ilikuwa inageuka bluu, na kila niliposimama kuvuta pumzi nilihisi jasho likipoa mgongoni, nikamfikiria mtu aliyekaa tu kwenye baridi ile. Mama Wainaina aliita kwa sauti ile ile ya kuitia majina. "Mgeni! Mgeni wa Mama Awino!" Upepo ukaichukua. Akaita tena, na tena, kisha akasimama ghafla katikati ya ngazi na kunigeukia.

"Anaitwa nani?"

"Benadetha," nikasema.

Alilirudia jina taratibu. Kisha akalipaza. Tulipanda akiliita jina lile, hadi karibu na kilele tukasikia kitu kama mlio wa ndege, upande wa chini wa mwamba.

Benadetha alikuwa amejikunyata katika ufa wa mwamba, leso imefungwa kichwani juu ya kofia, mguu mmoja umevimba juu ya kiatu. Midomo yake ilikuwa mizito. "Shikamoo, mama," alisema. Mama Wainaina alivua koti lake, akamfunika, akakaa kwenye barafu nyuma yake na kumkumbatia.

"Nilikuwa hapo chini, nimeenda kujisaidia," Benadetha alisema polepole. "Nikasikia mnaitwa. Nikasema, likifika langu nitaitika. Halikufika. Nikasikia viatu vinaondoka. Nilipokimbia, nikateleza. Nilipiga kelele, mama. Nilipiga sana."

Mama Wainaina aliweka shavu lake juu ya ile leso. Nilitikisa tochi kuelekea bondeni, na baada ya muda taa za waokoaji zikaonekana zikipanda kati ya miti. Walifika na machela na mablanketi, wakampima joto, wakaufunga mguu. Mmoja wao akamwomba Mama Wainaina asogee kidogo, akamuuliza kama yeye ndiye mama wa binti huyu.

"Hapana," akasema, mikono yake bado imemzunguka. "Mimi ndiye niliyemwacha."